Mjomba Anataka Nisalimie Kwanza

Jumatano, tarehe tisa mwezi wa saba. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa baridi unaobeba vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na jua limetoka bila kusaidia kitu. Upepo ni adui wa kazi yangu. Ukivuma, simu inarekodi upepo peke yake, na mimi naonekana nafungua na kufunga mdomo kama kambale aliyetolewa ziwani. Kwa hiyo leo nilishaamua kupumzika. Mjomba ndiye aliyenirudisha kazini, na sikutegemea iwe yeye.

Niandike kwanza kazi yenyewe ni nini, maana hata mimi nikiulizwa nababaika. Natengeneza video za mtandaoni. Narekodi maisha ya hapa Ulemo, nyumbani kwa mama: kupepeta uwele, kupika mlenda, kuanika alizeti, majogoo wanavyogombana. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani Kiomboi, na mtu akiniuliza kazi yangu nilimjibu kwa neno moja akaridhika. Sasa nikijibu, mtu ananiangalia kama nimemwambia naumwa. Mama akiulizwa na wenzake mwanao siku hizi anafanya nini, anasema, "Anaongea na simu." Nimejaribu kutafuta alipokosea, sijapaona.

Niliishia kidato cha pili, na kazi hii nimefundishwa na simu yenyewe. Kuna kijana mmoja huko mtandaoni, amekaa mbele ya taa ya duara mpaka ndani ya macho yake unaona viduara viwili vinang'aa. Yeye anafundisha watu namna ya kufanikiwa. Alichofanikiwa yeye mwenyewe ni kufundisha watu kufanikiwa, kingine sijakiona. Lakini nisimwonee, mengi anayosema nimeyajaribu yakakubali. Anasema mtazamaji anakupa sekunde tatu. Usipomshika hapo, kidole chake kimeshakupitisha. Kwa hiyo usijitambulishe, usisalimie, usikaribishe mtu. Ingia na jambo lako.

Nami nikajitungia namna yangu ya kuingia. Natokeza uso mbele ya simu, napaza sauti, "Niaje familia!" na hapo hapo mwiko uko ndani ya chungu. Siipendi sauti yangu ninaposema hivyo. Inafanana na ya mtu anayeuza sumu ya panya mnadani kwa kipaza sauti. Ila watu waliongezeka, na mwezi uliopita mwenye mashine ya kukamua alizeti kule Kiomboi akanipigia. Jumamosi hii anakuja na madumu yake ya mafuta nimtengenezee tangazo, kwa malipo. Ni kazi yangu ya kwanza ya kulipwa katika mambo haya. Akasisitiza tangazo lirekodiwe jikoni kwa mama na si pengine. Anataka mafiga, anataka masizi, anataka ukuta wa udongo. Kwake yeye anapikia gesi.

Sasa mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama, anaishi Iguguno. Kwetu mjomba haji kwa dada yake kama mgeni. Neno lake juu ya watoto wa dada yake lina uzito kuliko la baba, na baba yangu alishafariki, basi limebaki hilo peke yake. Amefika leo saa nne, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamwamkia mama, akageuka kwangu. Nikapiga goti.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. Alivua kofia, akaikung'uta kwenye paja, akaniangalia pale chini nilipo.

"Kumbe unaijua," akasema.

"Naijua nini, mjomba?"

"Shikamoo. Nilikuwa nafikiri hukufundishwa. Marahaba. Inuka."

Nilijua kuna kesi. Akakaa kwenye kigoda, akakataa maji, halafu akayaomba, akaanza. Jumapili baada ya ibada wazee wa kanisa walikuwa wamesimama nje, mmoja akatoa simu akamwambia, tazama mtoto wenu huyu.

"Nikatazama. Ukatokea. Ukanikazia macho hivi, ukaniambia niaje. Mimi! Mjomba wako! Wazee wenzangu wamesimama!"

"Mjomba, sikukuambia wewe."

"Ulikuwa unamtazama nani?"

"Nilikuwa natazama simu."

"Na aliyekuwa anaitazama hiyo simu ni nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Ehee."

Mama alikuwa mlangoni na ungo wake anapepeta. Nilimtazama anisaidie, akapepeta kwa nguvu zaidi.

"Na tena unasema familia," mjomba akaendelea. "Familia gani? Familia ni mimi. Ni mama yako huyo. Hao wengine umewazaa lini?"

Nikamweleza habari ya sekunde tatu. Nilieleza vizuri, nadhani, nikatoa na mifano. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kijana wa taa ya duara angelishangaa.

"Mtu asiyeweza kukaa sekunde tatu akasalimiwa," akasema, "huyo unamtaka wa nini?"

Swali hilo bado ninalo ninapoandika.

Akatoa hukumu yake. Ama nitasalimia kama watu wanavyosalimia, ama hapa kwa dada yake sitarekodi tena. Niende nikarekodi barabarani na mabasi. Nikafikiria Jumamosi, nikafikiria yule wa mafuta anashusha madumu halafu namwambia twende tukarekodi kituo cha mabasi. Nikasema, mjomba, nitasalimia. Akasema, basi anza sasa hivi nione.

Tukaingia jikoni kwa sababu ya upepo. Simu naifunga kwa mpira wa tairi kwenye mgongo wa kiti kibovu. Ndiyo mitambo yangu yote. Nikabandika mlenda kwenye mafiga. Mjomba akakaa nyuma ya kiti, mikono magotini, kama msimamizi wa mtihani.

"Shikamooni wazee wangu," nikaanza, "leo tunapika..."

"Simama. Hujaitikiwa."

"Mjomba, hawawezi kuitikia. Ni video."

"Waachie nafasi."

Nikaanza upya. Nikasema shikamooni, nikanyamaza, nikatabasamu mbele ya simu. Sijui kama kuna mtu amewahi kutabasamu akiisubiri simu imwitikie. Shingo inakaza. Kimya kikawa kirefu, na nadhani mjomba mwenyewe kilimshinda, maana mtu wa malezi yake hawezi kusikia shikamoo ikining'inia hewani. Akaitikia kutoka nyuma ya kiti, kwa sauti nzito:

"Marahaba."

Alipokwisha kuitikia, nami ikanibidi niendelee, ndivyo nilivyolelewa.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Mifugo hawajambo?"

"Hawajambo. Isipokuwa yule mbuzi mweusi, anakohoa tangu juzi."

"Pole. Na mvua je?"

"Mvua mwezi wa saba?" mama akauliza mlangoni, akacheka mpaka uwele ukamwagika.

Mlenda nao ukafura ukazima moto. Yote hayo yamo kwenye video. Nilitaka kuikata, mjomba akasema hapana, salamu haikatwi. Nikairusha kama ilivyo.

Nikawasha moto upya, tukanywa chai tukisubiri. Simu yangu ina sehemu inayoonyesha mstari wa watu, wanaingia wangapi na wanaondokea wapi. Siku nyingine mstari huo unateremka taratibu, kama mtu anayeshuka kilima na mzigo. Leo umeshuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Walikuja, wakasikia marahaba, wakaondoka. Mmoja aliandika, "Mlenda uko wapi sasa?" Mwingine aliandika, "Huyo babu anaitikia ni nani?" Na mmoja, ambaye lazima nimwandike kwa sababu ni haki yake, aliandika, "Poleni kwa mbuzi." Katika kazi yangu yote hakuna aliyewahi kuniandikia neno jema kuliko hilo, na halikuwa langu.

"Umeona?" mjomba akafurahi. "Huyo amelelewa."

Halafu akataka kuona wenzangu wanavyosalimia, ili ajue kama dunia nzima imeharibika au ni mimi tu. Nikampa simu, nikamwonyesha namna ya kupitisha kwa kidole.

Kwa video ya kwanza aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama yote mpaka mwisho. Ilikuwa ya mtu anayekunywa soda bila kupumua. Akasikitika. Ya pili akaitazama karibu yote. Baada ya hapo sijui nini kilitokea kwenye kile kidole. Kikapata kazi. Mtu anafungua mdomo, amepita. Ng'ombe, amepita. Mchungaji, na yeye akapita. Macho ya mjomba yakatulia, mdomo ukaachama kidogo, chai ikapoa pembeni. Mimi huo uso naujua. Nimeuona kwenye kioo cha simu yangu kikizima, nao si mzuri.

Mama akaja akasimama nyuma yake na ungo. Akatokea binti mmoja, umri kama wangu, amejifunga khanga, amekaa chini kwa adabu. Akainamisha kichwa akasema, "Shikamooni wazazi wangu, mimi naitwa..." Kidole cha mjomba kikampitisha.

"Umesalimiwa," mama akasema.

"Nani?"

"Wewe. Binti wa watu amekwambia shikamoo, umemfuta na kidole."

"Dada, ile ni picha."

"Na mwanangu alipokwambia niaje pale kanisani, alikuwa nini?"

Mimi niliinama kupuliza moto. Moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

"Alikuwa anachelewa kusema anachotaka," mjomba akajitetea.

"Amechelewa wapi? Hata jina lake hukumwachia alimalize."

"Dada..."

"Mrudishe umwitikie."

Akajaribu kumrudisha. Akapandisha, akateremsha, akatokea kijana anacheza muziki juu ya gari. Akanipa mimi nimtafute, nami sikumpata. Video ikishaponyoka imeponyoka, na jina lake ndilo hilo hakuna aliyelisikia. Mama akatikisa kichwa, akasema kwa Kinyiramba, na kwa Kinyiramba inauma zaidi, kwamba huyo mtoto wa watu leo atalala hajaitikiwa.

Hapa nisimwonee mjomba. Aliaibika kweli. Huyu ni mtu ambaye nimemwona akishuka kwenye baiskeli na kurudi nyuma kwa sababu mtoto alimwamkia naye hakusikia vizuri. Simu ililala magotini mwake mpaka kioo kikazima chenyewe. Mama alirudi kwenye uwele wake. Nikaona Jumamosi yangu iko kwenye yale magoti, sijui itaangukia wapi.

"Tangu nizaliwe," mjomba akasema mwishowe, "sijawahi kuamkiwa na mtu nikanyamaza. Dada, wewe ni shahidi."

"Ni kweli," mama akasema.

"Na leo nimenyamaza."

"Umenyamaza."

"Basi hakuwa mtu." Akanirudishia simu kama mtu anayerudisha sahani tupu. "Kama angekuwa mtu, ningemwitikia. Humu ndani hamna watu, mjomba wangu. Nilikosea kukugombeza. Waambie niaje, waambie lolote unalotaka. Hawapo."

Kwetu mjomba akikupenda anakuita mjomba wake, hata kama wewe ni mwanamke. Kwa hiyo alikuwa ananipenda wakati anasema hayo, na hilo nalo naliandika.

"Na Jumamosi nirekodi?" nikauliza.

"Rekodi. Ila huyo mwenye mafuta akiingia mlangoni, yeye ni mtu. Umwamkie."

Ndivyo nilivyopata ruhusa. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, nikamshukuru kwa goti. Kazi yangu imehalalishwa mbele ya mama, na hakuna atakayenigombeza tena kwa adabu, kwa sababu imeonekana kwamba siongei na mtu yeyote. Nilitaka kumtetea yule wa pole za mbuzi, nikasema, "Lakini mjomba, yule mmoja aliwapa pole." Mjomba akafikiri kwa haki kabisa. "Huyo ni mtu," akakubali. "Mjibu." Nikamjibu, ahsante, anaendelea vizuri, ingawa sikuwa na hakika kama mbuzi anaendelea vizuri.

Mchana wote nimebishana na mjomba kichwani, na kila nikianza ananishinda. Nimehesabu moyoni wale ambao mimi mwenyewe nimewapitisha kwa kidole wakiwa katikati ya neno, wamama, wazee, watu wenye misiba, nikaacha kuhesabu. Ama hawakuwa watu, ama mimi sikulelewa. Sioni njia ya tatu, na kijana wa taa ya duara hajaifundisha. Labda ningesoma zaidi ningeiona. Jumamosi nitaingia na niaje yangu, kwa kuwa yule wa mafuta ndiyo aliyoipenda, na nitapaza sauti kama ninavyopaza siku zote. Nitakachofikiria wakati huo ninapokitazama kile kioo cheusi cha kamera, hicho sikijui.

Jioni tumekula ugali wa uwele na jogoo aliyechinjwa kwa ajili ya mjomba, mchuzi wa kitunguu na mafuta ya alizeti. Firigisi alipewa yeye, mama akachukua mgongo, mimi nimekula shingo na bawa moja.