Mpangaji Aliyekula Kajifungia

Vyumba vyangu vya kupangisha nilivijenga kwa pesa ya pamba. Marehemu mume wangu alitaka ng'ombe, mimi nikataka bati, na kwa kuwa yeye alitangulia kufa, bati likashinda. Nasema ukweli, sicheki.

Chuo kilipofunguliwa upande wetu huu wa kwenda Ngulyati, nikaona vijana wanapita na mabegi wanauliza vyumba. Nikasema, hawa ndio watakaonibakiza nyumbani kwangu. Maana mwanangu wa Mwanza alishanipigia simu: "Mayu, pamba ikiisha kuuzwa na vyumba bado vitupu, nakuja na gari, unahamia kwangu." Kwake nimewahi kukaa. Kuku hakuna, na majirani wanapishana kwenye ngazi kama wamegombana. Nikaapa sirudi kule.

Mpangaji wa kwanza akawa binti mmoja anayesomea uuguzi, Mzaramo wa Dar. Mimi shule niliishia darasa la nne kule Zagayu, upepo ulipoezua paa na wazazi wakaona basi, tukalime. Lakini hili halihitaji shule: wanafunzi wanaambizana. Huyu akikaa vizuri, wenzake watamfuata. Akiondoka amenuna, vyumba vitabaki vya popo, na gari litakuja.

Binti alikuwa na adabu. Nilimfundisha "mwangaluka", akawa ananisalimia hivyo kila asubuhi, anaitamka kama anatafuna kokoto, lakini anaitamka. Tatizo likawa chakula. Akiepua tu sufuria, huyo ndani, mlango anaubana kwa komeo.

Kwetu Wasukuma chakula kinaliwa nje, uwanjani, na anayepita anaitwa anawe mikono. Anayekula kajifungia ana jambo. Ama ana kinyongo na wenye mji, ama anaficha ugonjwa. Mwanzo nilisema kachoka. Siku zikaenda, nikaanza kujiuliza nimemkosea nini. Nikamweleza jirani yangu, mama mmoja ambaye mdomo wake haupumziki.

"Huyo mtani wetu anakula nini huko ndani? Kenge?"

"Nyamaza wewe. Ana kinyongo na mimi."

"Basi tukamalize maneno."

Jumamosi mchana wakaja wanawake wa jirani na ugali, mlenda na maziwa ya mgando, tukakaa chini mbele ya mlango wake. Sisi mtu tunambembeleza hivyo. Jirani akagonga.

"Mjukuu, toka utuambie nani kakuudhi, yaishe leo leo!"

Binti akafungua, akaona tumejaa mlangoni, akafunga tena. Mara nikasikia zipu ya begi.

Moyoni nikaliona gari la Mwanza linaingia uani. Nikasimama. "Haya, ondokeni na ugali wenu."

"Si umetuita wewe?"

"Niliwaita. Sasa nawafukuza."

Wakaondoka wananisonya. Nikagonga peke yangu. Binti akafungua nusu.

"Bibi, kama mnaniona mchawi semeni tu. Nitatafuta chumba kwingine."

"Mchawi nani? Nilidhani nimekukosea mimi. Mbona unakula kama umefiwa?"

Akanitazama, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Akaniambia kwao wamezaliwa wengi, chumba kimoja, sinia moja, na yeye ndiye mdogo. Kaka zake wakimaliza, kwake kimebaki mchuzi.

"Hiki ndicho chumba changu cha kwanza, Bibi. Nafunga, nakula polepole, nyama naiacha mpaka mwisho. Hakuna anayeichukua."

Jamani. Mtu kuona raha kula peke yake, hilo silielewi mpaka leo ninapoandika. Lakini nilikuwa nimeshaamua huyu haondoki, na kuelewa si lazima.

"Basi funga," nikamwambia. "Ila hilo begi lifungue."

Jumatatu nikaenda mjini kwa fundi. Mlango wake tu ndio uliokuwa na komeo la ndani, mingine ilikuwa ya kufuli la nje. Nikamrudisha fundi mpaka nyumbani, akaitia milango yote makomeo nikiwa nimemsimamia. Jirani, aliyekuwa bado amenuna, akapiga kelele toka kwake: "Unafuga wezi?" Nikamjibu nafuga wanafunzi. Na aliyepita mchana akiuliza mbona mgeni wangu haonekani uwanjani, nilimkata kabla hajamaliza: "Anakula. Mwache."

Binti akaleta wenzake. Wakaingia mmoja mmoja mpaka vyumba vikajaa, wengine wanakula nje na mimi, wengine wanajibana ndani huko, shauri yao.

Pamba ikauzwa, mwanangu akaja kweli na gari.

"Mayu, mizigo iko wapi?"

"Mizigo gani? Ingia unywe maji. Leo utalala sebuleni."

"Sebuleni? Na chumba changu?"

"Kina mwanafunzi. Na usigonge, anakula."