Saruji Chini ya Rangi Nyekundu

Glenys Tranter hakuwa mtu wa kusahau. Katika kiwanda cha mazulia cha mji wa Kidderminster, Uingereza, alikofuma tangu usichana wake hadi mashine zilipozimwa na watu wakarudishwa majumbani, wenzake walimjua hivyo. Ukimkosea alinyamaza. Aliendelea kukusalimu na kukumiminia chai, na wewe ukadhani yameisha.

Marehemu mumewe, Ivor, alikuwa mtu wa viazi na njiwa. Hakuwa mkorofi, ila kila mkewe alipotaja kununua gari la spoti, yale madogo ya zamani yanayofunuliwa paa, alimjibu, "Na magunia ya viazi tutayaweka wapi, mpenzi?" Hoja ikaishia hapo. Alipofariki, Glenys alimlilia kwa haki yake yote. Mwaka ulipopita akaingia gereji, akatoa vizimba vya njiwa, akafagia, akasimama katikati akipima kwa macho. Nafasi ilitosha.

Gari alilipata kwa Clive Purslow, mwenyekiti wa chama cha magari ya zamani pale mjini, mwanamume wa masharubu yaliyochanwa vizuri na glavu za ngozi hata siku ya jua. Lilikuwa gari la spoti aina ya Spitfire, jekundu, la mwaka sabini na mbili, viti vimechanika, rangi imefifia, lakini umbo lake lilimfanya Glenys ameze mate. Bei ilikuwa ya mjane wa kiwandani.

"Huyu anataka mapenzi tu, bibie," Clive alisema akilipapasa boneti. "Wikiendi chache, rangi kidogo, utapita nalo mjini watu wapigane vikumbo."

"Na chini je, Bwana Purslow? Nasikia haya huliwa na kutu."

"Chini?" Clive alicheka. "Chini ni imara kama kanisa."

Glenys alilipa. Kwenye daraja la mto Severn aliimba kwa sauti bila kujali nani anasikia. Alipofika nyumbani akataka kushuka, mlango ukakataa kufunguka. Gari lilikuwa limejipinda katikati kama kitanda kibovu. Ilibidi apande kiti na kutokea juu, sketi ikanasa, jirani yake Edith akishuhudia yote kutoka dirishani.

Kesho yake aliweka jeki chini ya ubavu wa gari ili alitazame. Jeki ilipanda. Gari halikupanda. Chuma kililia, na kichwa cha jeki kikachomoza ndani, kando ya kiti cha dereva.

Alimfuata Clive baa, mchana wa Jumapili, wanachama wote wakiwa mezani na sahani za nyama ya kuoka.

"Bwana Purslow, gari lako limeoza."

"Gari lako, bibie," Clive alimsahihisha, na meza nzima ikatabasamu. "Uliliona, ukalipenda, ukalichukua. Hapo pana kosa langu?"

"Uliniambia chini ni imara."

"Nami nilidhani unanunua gari, kumbe ulitaka kapeti!" Akageukia wenzake. "Jamani, mfumeni huyu mama kapeti alifunike hilo tundu!"

Walicheka hadi mmoja akapaliwa na bia. Glenys aliwatazama mmoja mmoja, akavaa glavu zake za sufu, akasema, "Furahieni chakula," akatoka.

Nyumbani, Edith alimngoja mlangoni. "Mshitaki, shoga yangu. Mpeleke mahakamani."

"Mahakama itamtoza faini, alipe, aendelee kula nyama ya Jumapili. Sitaki faini yake."

"Sasa unataka nini?"

"Aibu yake," Glenys alisema. "Ile aliyonipa mimi, nimrudishie na nyongeza."

Alijiandikisha kujifunza kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi, kila Jumamosi asubuhi, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Mwalimu, Balwinder Sahota, mtu wa Wolverhampton mwenye kilemba cha samawati na kauli fupi, aliutazama mshono wake wa kwanza akaguna.

"Dada, una hasira na hiki chuma?"

"Na aliyeniuzia."

"Basi mwache nje ya karakana. Mkono ukitetemeka, bati linatoboka. Ukishamaliza kazi, mfuate mwenye deni lako."

Ilimchukua miezi kuitii kauli hiyo. Alitoboa mabati mengi, akaunguza nyusi, akaunguza na shati la Ivor alilolifanya vazi la kazi. Lakini vidole vilivyounga nyuzi maisha yote vilikuwa na subira, na taratibu mishono yake ikaanza kulala sawa.

Kisha akaanza kulikata lile gari. Kwenye mbavu, chini ya milango, mahali penye boriti zinazoshika gari zima, alikuta waya wa banda la kuku. Juu ya waya, saruji, iliyosawazishwa kwa mwiko na kupakwa rangi. Alikaa chini sakafuni akacheka peke yake. Imara kama kanisa! Chini ya kiti cha abiria alikuta kiraka cha bati lililogongwa kwa ribiti. Alipokibandua na kukipangusa, upande wa ndani ulikuwa wa kijani, na herufi za njano: RSLOW, na chini yake, SUFU.

Nani Kidderminster asingelijua bati lile? Mama yake Clive aliuza sufu ya kufumia karibu na kituo cha reli mpaka alipozeeka, na ubao wake wa bati la kijani ulining'inia pale watu wakiutumia kuelekezana njia. Clive alikuwa ameukata ubao wa duka la mama yake ili kuziba tundu la gari la kumuuzia mjane.

Glenys alilifunga lile bati kwenye taulo safi kama mtoto.

Tangu hapo ulimi wake ulilainika. Akikutana na Clive sokoni alimuulizia hali ya mkewe. Alieneza habari kwamba gari amelipeleka kwa watu wa vyuma chakavu, na Clive akaifanya hadithi ya kuchekesha kwenye karamu za chama. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Clive hakuwa mtu wa kusikiliza kimya.

Maonyesho ya magari ya chama, Agosti ya mwaka wa pili, yalifanyika uwanja wa kanisa. Clive alikuwa jaji mkuu, beji kifuani. Alipofika kwenye Spitfire la rangi ya kijani kibichi alisimama. Alipiga magoti, akachungulia chini, akapitisha kidole kwenye mishono. Glenys alikuwa amekaa nyuma ya gari na kofia pana, akimenya yai.

"Hii ni kazi," Clive alisema kwa sauti ya kusikika. "Hii, mabibi na mabwana, ndiyo kazi. Nani kalijenga?"

Glenys akavua kofia. "Tumesaidiana, Bwana Purslow. Wewe ulianza, mimi nikamalizia."

Akafunua kitambaa kwenye meza ya pembeni. Pale palilala vipande vya saruji, vyekundu upande mmoja, waya wa kuku ukichomoza, na katikati, kimesuguliwa hadi kinang'aa, kiraka cha kijani.

Bibi mmoja mwenye fimbo aliinama. "Aa! Clive, huu si ubao wa duka la marehemu mama yako?"

"Utani wa kijinga," Clive alisema. "Mtu yeyote angeweza kuokota..."

"Ubao huo ulining'inia gerejini kwako," alisema Roland Mobberley, mweka hazina wa chama, yule yule aliyepaliwa na bia. Uso wake ulikuwa umebadilika. Yeye mwenyewe aliendesha gari alilouziwa na Clive. Alichukua sumaku ya kushikia ratiba ya maonyesho, akaenda kwenye gari lake, akaibandika chini ya mlango. Ikaanguka kwenye nyasi. Akasogea shubiri moja, akabandika tena. Ikaanguka. Chuma hushika sumaku. Puti ya kuzibia matundu na saruji hazishiki.

Kisha wengine wakaomba sumaku.

Clive hakungoja kutoa vikombe. Glenys alimaliza yai lake, akapangusa chumvi vidoleni.

Siku chache baadaye mke wa Clive, Doreen, alikuja mlangoni, macho mekundu. "Watu wanavuka barabara wakituona. Ungemwita kando, Glenys. Ungemwambia."

"Nilimwambia, Doreen. Kumbuka walivyocheka."

"Mimi sikucheka."

"Hapana," Glenys alikiri. "Wewe hukucheka." Alimpa chai, naye Doreen akainywa akilia. Lakini bati alipoliomba, Glenys alitikisa kichwa. Lilikuwa limeshatundikwa gerejini, juu ya meza ya kazi.

Nyumba ya Clive iliwekwa kibao cha kuuzwa kabla ya Krismasi. Majira yote ya baridi Glenys alipita pale kila Jumapili, paa limefunuliwa, kitambaa kichwani, akipunguza gia mbele ya geti ili injini ingurume. Pazia la juu lilikuwa likisogea. Machi alikuta pazia jipya, na watoto wageni wakicheza uani. Clive alikuwa amehamia kwa dada yake huko Wales. Glenys alisimamisha gari hapo kidogo, akawa hana la kunguruma wala wa kumngurumia. Akaona njaa. Akageuza kuelekea mji jirani wa Bewdley kula samaki na chipsi, na njia nzima alikuwa akijiuliza kama Wales ni mbali.