Tundu la Kumi na Mbili

Desmond Cutforth alitengeneza mabasi miaka arobaini na mitatu, na sijawahi kumsikia akilizungumzia basi hata moja. Kwa hesabu zake yeye, maisha yalianza akiwa na miaka sitini, siku walipofukua mkia wa ndege ya mabomu ya Hampden kwenye shamba la viazi nje ya mji wa Spalding, Uingereza. Tangu hapo anahesabu kila kitu kwa ndege. Ukimuuliza mkewe Jean alifariki lini, atakujibu, "Mwaka ule tulipopata kiti cha rubani." Sasa ana sabini na tisa, na ndege bado haina bawa la kulia.

Banda letu liko kwenye uwanja wa ndege wa zama za vita, jirani na mfugaji wa nguruwe, na harufu tumeshaizoea. Sote tunajitolea. Mimi kazi yangu ni kusugua vyuma vyenye kutu kwa mswaki mkuukuu, na naifanya vizuri, asiniambie mtu. Tatizo letu ni kwamba tuko makundi mawili, Kundi la Jumanne na Kundi la Alhamisi. Wa Jumanne, mimi na Desmond tukiwamo, tunafunga, wa Alhamisi wanafungua. Rangi ya kijani ya ndani imekwanguliwa mara tatu kwa sababu Clive Dowse, mkubwa wa Alhamisi, anadai kijani chetu ni cha mwaka 1942 wakati ndege ni ya 1941. Clive alikuwa jeshi la anga miaka ishirini na miwili, stoo, akigawa mablanketi. Lakini msikilize anavyosema "sisi wa angani"! Vikombe vyao vya chai vina rafu yake, na ole wako uviguse.

Ugomvi mkubwa ulitokana na mkia. Upande wa kushoto, kwenye bati la zamani, kuna mstari wa ribiti thelathini na moja, zile pini za chuma zinazoshikilia bati. Kumi na moja za mwanzo zimenyooka. Ya kumi na mbili imeshuka chini ya mstari, kisha nne zinazofuata zinapanda kidogo kidogo hadi kwenye mstari. Mchoro wa kiwanda hauonyeshi kitu kama hicho. Mtu mwenye akili zake angesema fundi alikosea, akaenda kunywa chai. Desmond akapima miezi minne. Akaandika kurasa kumi na mbili kueleza kwamba ile ni siri ya wahandisi wa vita, ya kuzuia mkia usitetemeke, akaipa na jina: Bonde. Na bati jipya la upande wa kulia wa mkia, la mwisho lililobaki kutobolewa, alitaka nalo liwe na Bonde.

"Ni kosa hilo, Desmond," Clive akamwambia mbele ya watu. "Mtu alikuwa anasinzia."

"Wewe na mablanketi yako utajua nini habari za mkia?"

"Kosa ni kosa, bwana!"

"Likiwa kosa, narudisha ufunguo wa kabati langu, na hamtaniona tena humu."

Sote tunajua nyumbani kwa Desmond kuna nini: kiti, televisheni, na koti la Jean ambalo bado linaning'inia nyuma ya mlango. Mjinga yule Desmond! Nilitamani nimzibe mdomo kwa mswaki wangu. Lakini alishasema, na Desmond akisema kitu hakirudishi.

Wiki tatu baadaye akaja Bi Hilda Blades. Alikuwa anatimiza miaka tisini na tisa, na akiwa binti wa miaka kumi na saba alifanya kazi kwenye kiwanda kilichounda mikia ya Hampden. Tukamwandalia keki. Makundi yote mawili yalikuja, Jumanne upande huu wa meza, Alhamisi upande ule, utadhani wakwe waliokosana. Mjukuu wake alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye mkia. Bibi akapitisha kidole kwenye ribiti, moja moja, akafika ya kumi na mbili. Akaangua kicheko mpaka meno ya bandia yakacheza.

"Ee Mungu wangu! Edie huyu!"

"Edie ndiye nani, bibi?" Desmond aliuliza.

"Mwenzangu. Mimi natoboa kwa nje, yeye kajibanza ndani, kanishikilia ubao nyuma ya bati. Kaka yake alikuwa amepotea vitani miezi minane. Mara nasikia mtu anapiga kelele mlangoni, 'Edie, yupo hai! Kaka yako yupo hai!' Basi Edie akaruka humo ndani kama mwehu, ubao ukamtoka, keekee yangu ikaenda huko."

"Na hizi nne?" Clive aliuliza haraka.

"Nilikuwa nazirudisha polepole, mwanangu, ili msimamizi asishtuke."

Watu wa Alhamisi walicheka. Clive hakucheka, na hilo nalisema kwa haki. Desmond alikuwa ameinama, anahangaika kuuchomoa ufunguo kwenye pete yake. Akauweka kwenye sahani ya keki, akavaa kofia yake, akaelekea mlangoni.

"Huyu naye anakwenda wapi?" Bi Hilda akauliza. "Bati la huku nani anatoboa?"

"Nilikuwa mimi, bibi. Ubao naufunga kwa kamba."

"Kamba! Kazi ya watu wawili unafanya na kamba?" Akageuka, akamwangalia Clive kuanzia tai hadi viatu. "Na wewe uliyesimama na sahani, unangoja nini?"

"Mimi ni mwenyekiti wa Kundi la—"

"Ingia ndani, ushike ubao."

Akaingia. Clive Dowse, na tai yake ya jeshi, alitambaa kwa magoti ndani ya mkia, akilalamika njia nzima. Desmond akageuka pale mlangoni, akarudi kwenye mkia. Kisha akavua kofia, akachora mstari kwa penseli, umenyooka kama mchoro unavyotaka, akaanza. Tundu la kwanza, la tano, la kumi na moja. Kila moja Clive aliitikia kutoka humo ndani, "Endelea."

Kwenye la kumi na mbili tukamsikia akikohoa.

"Desmond. Jumanne nije nikushikie?"

Keekee ikateleza.

Desmond aliliangalia tundu. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Limenyooka?" Clive aliuliza gizani.

"Hapana. Limeshuka."



"Basi tuna manne ya kulirudishia," alisema Clive. "Polepole."