Gari Lisilofunguliwa

Krrr. Ndivyo ulivyolia ubao wa misumari ulipoburutwa barabarani ili gari lipite. Nestor alisema ubao ule ulikuwa na milio miwili. Kwa magari ya watu, mlio ulikuwa mrefu na mvivu, askari akiuvuta kwa mkono mmoja na mwingine ukiwa mfukoni. Kwa gari la CD ulikuwa mfupi, wa haraka, kama mtu anayekatiza maneno yake mkubwa anapoingia.

Tangu mwaka 2008 hadi 2013, kila Ijumaa asubuhi, Nestor alipanda juu ya magunia yake ya maharage katika pikapu ya soko iliyotoka kambini Nakivale kwenda Mbarara. Karibu na Masha pikapu ilisimama kizuizini na abiria wote wakashuka. Hakuna aliyengoja kuambiwa. Nestor alivua kofia, akafungua gunia, akakunja mdomo wake nje ili mkono wa askari uingie bila shida, kisha akasimama kando ameshika kadi yake ya ukimbizi kifuani. Askari wa zamu mara nyingi alikuwa Umaru, mwenyeji wa Mbarara, baba wa watoto wanne, mtu asiye na makelele. Alizamisha mkono katika maharage hadi kwenye kiwiko.

"Mzee, leo iko nini?"

"Maharagi, afande."

"Kila siku maharage. Siku moja wewe nalete nyama, tukule."

Wakiwa bado wanacheka hivyo, mara nyingi gari jeupe lilitokea nyuma yao. Mbele lilikuwa na kibao cha namba kisichofanana na vingine: herufi C na D, kisha namba ya ofisi, kisha namba ya gari lenyewe. Umaru alitoa mkono katika maharage, akakimbilia ubao, krrr, na gari likapita bila kusimama. Dereva wake alipiga honi mara mbili, polepole, akimwangalia Nestor. Ilikuwa honi ya heshima. Nestor alijua hivyo, na ndiyo maana ilimkaa moyoni mpaka jioni.

Dereva huyo aliitwa Bonaventure, na zamani alikuwa utingo wa Nestor.

Kule Kivu ya Kusini, katika barabara ya Uvira hadi Baraka, Nestor aliendesha lori la mbao na chumvi miaka kumi na moja. Bonaventure alikaa nyuma, juu ya mzigo, na kazi yake ilikuwa kuweka jiwe chini ya gurudumu kwenye mlima na kuteka maji ya rejeta. Nestor ndiye aliyemfundisha kusikiliza injini. Ndiye aliyemshikisha usukani mara ya kwanza, penye mchanga, mahali ambapo hata akikosea hangeua mtu. Siku moja alimpiga kofi kwa sababu ya nati iliyosahauliwa, na jioni yake akamnunulia samaki mzima.

Vita vilipowakimbiza walifika Uganda pamoja. Waliandikishwa siku moja katika kituo cha mapokezi cha Kabazana, wakalala wiki tatu katika banda moja, wakapewa viwanja jirani. Ila Bonaventure alikuja na leseni yake ya udereva, ameikunja ndani ya soksi. Ya Nestor ilibaki katika kabini ya lori, na lori liliungua. Halafu yakafunguliwa madarasa ya Kiingereza chini ya hema. Bonaventure alikaa na watoto kwenye mkeka akaimba nao majina ya siku. Nestor alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Alisema hawezi kuimba "Mande, Tiyuzidei" na watoto wenye makamasi. Miaka miwili baadaye, ofisi moja ya kimataifa ilipotafuta dereva mwenye leseni na Kiingereza kidogo, haikuhitaji kuchagua.

Wivu wa Nestor haukuwa wa kelele. Ulikaa naye kama mgeni asiyeaga. Akiona gari jeupe limeegeshwa penye kivuli, aliangalia magurudumu akitafuta upepo uliopungua. Akisikia gia zikibadilishwa, alitega sikio asikie kosa. Makosa hayakuwapo, maana mkono ule aliufundisha yeye. Usiku alihesabu mambo ambayo Bonaventure asingeyajua bila yeye, na hesabu hiyo ilimpa utamu kidogo, kisha uchungu mwingi, kwa kuwa kila alichokumbuka alikuwa amekitoa bure.

Nyumbani hakupata pa kupumzikia. Mke wake, Orpa, alirudi kanisani Jumapili moja akatupa kitenge kitandani.

"Unajua banamuitaka Marthe namna gani sasa? Mama CD! Bibi ya Bonaventure! Anaingia kanisani, bamama banasogea: Mama CD, ikala hapa."

"Na weye banakuitaka nani?"

"Mama Maharagi," alisema Orpa. Akacheka, lakini Nestor hakucheka.

Wanaume nao walimzunguka Bonaventure mbele ya duka wakimuuliza habari za kibao kile. Alieleza kwa furaha, na Nestor alisikiliza akiwa amewapa mgongo, akijifanya anachagua betri.

"CD ni Corps Diplomatique, gari ya mabalozi na maofisi ya kimataifa. Gari ya namna hiyo polisi haifungue. Haipekue. Mafuta yake haina kodi. Hata ikifanya kosa, bataandikia ofisi barua, hawavute gari."

"Na weye ndani yake? Hawakukamate?"

"Miye?" Bonaventure alicheka. "Nikishuka miye ni mukimbizi kama weye. Cheo iko kwa gari. Miye ni mutu ya kulitembeza tu."

Watu walipenda unyenyekevu ule. Nestor aliuona kama nguo nyingine mpya aliyovaa.

Mwezi wa Machi 2013, ofisi ilihitaji dereva wa pili. Bonaventure alikuja jioni hadi kwenye ua wa Nestor, akamwita yaya, kaka mkubwa, kama zamani, na hakukubali kiti.

"Yaya, nimesema jina lako. Nimebaambia ni weye ulinifundisha. Leseni ya Uganda batakusaidia kuitafuta. Ijumaa batakujaribu kwa kibali cha muda."

Orpa alipiga vigelegele. Nestor alisema ahsante. Kazi aliitaka kuliko kitu chochote. Kuipokea kutoka mkono ule ndiko kulikomshinda.

"Sikia sasa," Bonaventure aliendelea. "Ukifika kwa bariyeri, punguza mwendo, salimia, pita. Wakikusimamisha, onyesha kadi ya ofisi kupitia kioo. Usishuke. Buti usifungue, hata kama ni mukubwa wa polisi. Hiyo njo sheria ya kwanza ya hii kazi."

"Unanifundisha miye bariyeri? Bariyeri nilianza kuzipita ukiwa unanyonya."

"Ni kweli, yaya," alisema Bonaventure, akaondoka.

Ijumaa ilifika. Nyuma ya Nestor alikaa Madame Madeleine, mwanamke wa Bujumbura aliyesimamia magari ya ofisi. Hakusema mengi, alisoma karatasi zake. Gari lilimtii Nestor kama mnyama anayemkumbuka bwana wake. Karibu na Masha, Umaru aliona kibao, akavuta ubao haraka, akanyoosha mkono kuaga bila kutazama uso wa dereva. Nestor alipita. Kifua chake kilifunguka hata akaogopa Madame angekisikia. Mjini Mbarara alimshusha mlangoni pa mkutano.

"Unaendesha vizuri," Madame alisema. "Rudisha gari Nakivale. Kuna masanduku mawili ya faili nyuma. Mimi nitarudi na wenzangu kesho. Jumatatu tutazungumza mkataba."

Alasiri alirudi peke yake, na barabarani aliimba. Alikuwa ameshaanza kuona jinsi atakavyopiga honi, mara moja tu, bila kumwangalia mtu.

Kizuizini, pikapu ya soko ilikuwa imesimama mbele yake. Abiria walikuwa wameshuka, wamepanga mstari, mifuko ya chumvi na sabuni wazi miguuni, kadi mikononi. Aliwajua wote. Mguu wake ukakanyaga breki. Mkono ukazima injini. Akashuka, akavua kofia, akazunguka nyuma, akafungua buti, akafungua sanduku la kwanza, akakunja kifuniko chake nje. Kisha akasimama kando, kadi ya ukimbizi kifuani.

Umaru alikuwa akitoka kwenye pikapu, macho bado kwenye mifuko. Alikuta buti limeachama, akaingiza mkono kama kila Ijumaa, akashika faili. Akalitazama. Akatazama kibao cha namba.

"Mzee! Hii gari ni CD! Nani aliambia wewe fungua? Funga, ssebo, funga haraka! Wewe nataka mimi fukuzwe kazi?"

Mstari mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Shofere ya CD anashuka kama siye!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Papa Nestor, iko maharagi mule?"

Alifunga buti. Akarudi kwenye usukani bila kuvaa kofia. Njia nzima hakuimba tena.

Habari ilifika Mbarara kabla ya usiku. Jumamosi Madame Madeleine alimwita, uso umekaza.

"Nimeambiwa gari letu limefunguliwa na polisi. Kweli?"

Nestor alikuwa na nafasi ya kusema. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Bonaventure na shati lake la ofisi, amekunja mikono, akisubiri. Kusema ukweli mbele ya Madame kungewezekana. Kuusema mbele ya yule aliyeketi juu ya mzigo wake wa mbao, aliyemwonya neno kwa neno, hapana.

"Askari alinilazimisha," alisema. "Yule wa Masha. Umaru."

Madame aliandika barua siku hiyo hiyo. Jumatatu Madame, Bonaventure na Nestor walikuwa katika chumba kidogo cha polisi, mbele ya mkubwa wa Umaru, na Umaru amesimama bila mkanda wala kofia. Feni ilizunguka juu yao. Mkubwa alisema kosa hili si dogo, gari la namba zile haliguswi, na kama ofisi inathibitisha, askari atafukuzwa kazi.

"Mimi sikuambia yeye fungua," Umaru alisema. "Yeye mwenyewe nashuka. Afande, kwa Mungu moja. Huyu mzee mimi najua yeye miaka mitano. Mimi nafanya yeye vibaya siku gani?"

"Unamwita mwongo?" Mkubwa aligeukia Madame. "Mnamwamini dereva wenu?"

Madame alisita. Hapo Bonaventure akasonga mbele. Sauti yake ilipanda, na Kiingereza kikamtoka, akarudi kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Miye namwamini! Huyu njo alinifundisha gari. Kila kitu najua ni yeye alinipa. Miaka kumi na moja kwa barabara ya Baraka, hakuiba hata chumvi ya kutia mu mboga. Nimemwambia buti haifunguliwe, na yeye hasahau kitu. Kama anasema alilazimishwa, alilazimishwa. Niweke miye mahali pake, mukubwa. Natia saini."

Alishika kalamu kweli, akainama juu ya karatasi.

Nestor aliutazama mkono ule. Alitafuta ndani yake ile furaha aliyoingoja miaka mitano, ya kumwona Bonaventure amekosea mbele ya watu. Ilikuwa imekuja, iko mezani, na kalamu ilikuwa inakaribia karatasi. Umaru alikuwa akitazama viatu vyake, midomo ikicheza bila sauti.

Nestor alinyoosha mkono akafunika karatasi kwa kiganja.

"Acha, Bonaventure," alisema, kwa sauti ambayo mkubwa alilazimika kuinamia meza ili aisikie. "Hakuna mutu alinisimamisha. Ni miye mwenyewe nilifungua."