Viroboto wa Nyumba ya Baba

Kila mwaka darasani, hapa Mushasha, Gitega, namchora kiroboto ubaoni. Namchora mkubwa kama jembe, miguu ya nyuma mirefu, na wanafunzi wanaanza kujikuna kabla sijaandika hata neno. Nawafundisha hatua zake: yai, buu, buu aliyejifungia ndani ya kifuko, kisha kiroboto mzima. Nawaambia kwamba wale tunaowaona juu ya mnyama ni wachache, wengi wako chini, kwenye vumbi na nyufa za sakafu. Nimelisema hilo mpaka koo limekauka. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Baba aliishi peke yake Muyinga, kilimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni. Tulirudi pale kutoka Tanzania nikiwa msichana mkubwa. Mama alipofariki, na mimi nimeshaolewa Gitega, akabaki yeye, mbuzi wawili na mbwa. Mbuzi walilala ndani, chumba cha mbele, kwa sababu ya wezi. Mbwa alilala kwenye mlango wa chumba cha baba, na baba alimwita mzee mwenzangu. Nikipiga simu asubuhi ananiambia, "Subiri kidogo, mzee mwenzangu hajanywa uji." Mimi nasubiri, salio linaisha, nakasirika.

Sakafu ilikuwa ya udongo. Mama alikuwa akiipaka mavi ya ng'ombe kila Jumamosi, kwa mikono, anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Yakikauka, vumbi linatulia, nyufa zinazibika, na buu la kiroboto linakosa pa kukaa. Mama hakusoma biolojia. Baada yake kazi ile ilikuwa yangu, maana kwetu mwanamume hapaki sakafu, watu watamcheka kilima kizima. Lakini mimi nilishazoea simenti ya nyumbani kwangu Nyamugari, hapa Gitega, na kucha zangu nilikuwa nazipaka rangi. Badala ya kupaka nilikuwa nampelekea dawa ya unga ya dukani. Ananishukuru, anaiweka juu ya kabati.

Pasaka moja nilimpeleka binti yangu, wakati huo ana miaka minne. Asubuhi yake miguu ya mtoto ilikuwa imejaa vipele, vimepangana mstari. Nikawaka.

"Baba, huyu mbwa atoke. Mjukuu wako harudi hapa mpaka mbwa atoke."

"Mwanangu, mbwa amekosa nini? Nipakie sakafu tu. Mama yako alikuwa anapaka, wanaisha."

"Mimi ndiye mwalimu wa mambo hayo, baba. Usinifundishe."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia baba yangu, nyumbani kwake, mbele ya mtoto. Aliinama akamkuna mbwa nyuma ya sikio, na sisi tukaondoka na gari la saa nne.

Baada ya wiki chache akapiga simu. "Nimemaliza, mama. Mlete mtoto." Sikuuliza amemaliza vipi. Nilisema asante baba, nikaendelea kumenya ndizi. Jamani, nilisema asante.

Na sikwenda. Simu iliyofuata alikuwa anacheka. Viroboto wamemkosa mwenzao, alisema, sasa wamehamia kwake, hata mbuzi hawawataki, wanamtaka yeye. "Njoo unipakie sakafu, mama. Siku moja tu." Nikamwambia mafuta hakuna, magari hayatembei, nitakuja likizo. Ni kweli mafuta yalikuwa yamekosekana, foleni zilikuwa zinalala kwenye vituo. Lakini mwezi uleule rafiki yangu aliolewa mjini Ngozi, na gari nililipata. Nilicheza mpaka viatu vikanibana.

Baba alianguka ndani ya nyumba, kati ya kitanda na mlango. Jirani yake, mama mmoja anayelima pembeni ya shamba letu, alimkuta siku ya pili, baada ya kusikia mbuzi wanalia njaa. Hakuna aliyeniambia kama alikufa palepale au alilala chini akingoja. Wenyewe hawajui. Kwenye kilio yule mama alikaa karibu yangu, akasema taratibu, bila ubaya wowote:

"Ile imbwa ingekuwa iko, mi ningesikia. Ilikuwa inabweka hata mzee akikohoa tu."

Nikamuuliza mbwa alikufaje. Hapo ndipo nilipoijua habari yote. Baba alijaribu kwanza kumgawa, akampeleka kilima cha tatu, mbwa akarudi. Akampeleka tena, mbwa akarudi. Mwisho akamtilia sumu ya panya kwenye uji. Ule uji wa asubuhi, aliokuwa ananisubirisha nao kwenye simu. "Halafu akaibeba hivi, comme mtoto," yule mama akakunja mikono kifuani, "akaenda kuizika kule kwa migomba. Alilia, dada. Mi nilimuona."

Kiroboto akihisi mwili anaoukalia umepoa, anahama. Anatafuta joto la karibu. Hilo nalo huwa naliandika ubaoni. Baba alimbeba mbwa kifuani, viroboto hawakuhitaji hata kuruka mbali.

Ndugu waligawana mbuzi, nyumba ikafungwa kufuli. Ilikaa hivyo miezi mpaka tulipokaribia kuganduka, siku ile ya kumaliza matanga. Nilitangulia siku moja ili niandae nyumba. Jirani aliniletea ndoo ya mavi mabichi ya ng'ombe, akasimama uani. Nikafungua mlango.

Najua kinachotokea ndani ya nyumba iliyofungwa. Kiroboto hukaa ndani ya kifuko chake, hali, hasogei, miezi hata, mpaka asikie kishindo cha miguu na joto la mwili. Nilipiga hatua tatu tu. Soksi zangu nyeupe zikawa nyeusi mpaka magotini.

"Toka, dada! Toka, watakumaliza!"

Sikutoka. Nilisimama palepale alipoanguka, wakanila, na mimi nalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa siku ileile. Wale wote, wazazi wao walikunywa damu ya baba. Na wao walikuwa wamekaa gizani wanangoja mtu aje, kama alivyokuwa akingoja yeye. Wao niliwafikia.

Halafu nikavua viatu, nikapandisha gauni. Jirani alitaka kunisaidia, nikakataa. Nilipaka kuanzia chumba cha baba, kwa mikono mitupu, nikiwa nimepiga magoti, nikirudi kinyumenyume kama mama, nikaziba kila ufa mpaka nikafika kizingitini. Kazi yote haikuchukua hata nusu siku. Nusu siku, baba.

Jioni sakafu ilikuwa imekauka. Ilitoka nzuri, laini, haina vumbi hata kidogo. Nilikaa nje na mikono yangu inanuka, nikaitazama, na hakuna aliyekuwepo wa kuingia kulala.