Tuta la Mwenye Duka

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi. Mama alikuwa anavuka barabara kwenda kusali jumuiya, na tipa la mchanga likakata kona kwa kasi. Nilikuwa getini, namsindikiza kwa macho. Nilipiga kelele, lakini sikio la kulia la mama halisikii, na gari lilitokea kulia. Dereva alikwepa, gurudumu moja likaingia mtaroni, likatoka, akaendelea na safari yake. Mama alibaki amekaa vumbini, kanga imemdondoka begani, hana hata mchubuko.

"Nani kanisukuma?" aliniuliza.

Hakuna aliyemsukuma. Ulikuwa upepo wa gari.

Tunaishi Sofu, Kibaha, kwenye barabara ya kifusi inayotumiwa na malori yanayotoka machimbo ya mchanga upande wa Kisarawe. Jumuiya ya mama husali alfajiri, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na nyumba zote isipokuwa yetu ziko ng'ambo. Tangu baba afariki, huko ndiko mama anakokutana na watu. Asipovuka, wiki inaisha hajaongea na mtu isipokuwa mimi, nami si mwongeaji.

Kazi yangu ni ufundi wa pampu za maji. Shule niliiacha mapema, ila jambo nisilolijua hulitafutia kitabu. Nilisoma namna matuta ya barabarani yanavyowekwa, nikapima barabara yetu, nikaona tuta linatakiwa kukaa karibu kabisa na kona, ili gari lifike anapovukia mama likiwa limeshapunguza mwendo.

Kabla ya kulipeleka wazo hilo mtaani nilikwenda Kisarawe kuongea na madereva wenyewe. Walinipa kiti.

"Shikamoo mzee. Mwambie bi mkubwa pole," alisema mmoja, kijana mwenye sauti ya upole. "Ila sisi hatuna mshahara. Tunalipwa kwa tripu. Nikienda mwendo wa msafara wa harusi, nyumbani watakula nini?"

Nilipanda gari nikarudi Kibaha.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao, watu wakakubali kuchangia tuta. Kwetu, kwenye mchango wowote, uwe wa msiba au wa harusi, aliyetoa zaidi ndiye anayesikilizwa zaidi. Mwenye duka la mtaani kwetu alitoa mifuko kumi ya saruji, akataka tuta likae mbele ya duka lake. Nilisimama nikaeleza kwamba duka liko mbali na kona, kwamba dereva akishavuka tuta atakanyaga mafuta kufidia muda.

"Fundi, wewe na futi yako!" mwenye duka alinikatiza. "Umechanga mifuko mingapi?"

"Mmoja."

"Basi mmoja unyamaze, kumi iongee."

Kikao kizima kilicheka. Hata mimi nilitabasamu, kwa sababu alilisema vizuri.

Tuta likajengwa dukani. Zege likabaki, na vijana, kwa nia njema, wakazibia mashimo mawili makubwa yaliyokuwa kabla ya kona. Niliwakuta wanasawazisha kwa koleo, wamefurahi. Mashimo yale ndiyo pekee yaliyokuwa yanawapunguza madereva mwendo pale. Niliwaambia. Mmoja akanijibu, "Sasa mzee, tuyachimbe tena?" Sikuweza kusema ndiyo mbele ya watu.

Malori yakawa yanafika konani kwa kasi kuliko mwanzo. Nilianza kumvusha mama kwa kumshika mkono. Siku ya kwanza, katikati ya barabara, alisikia mngurumo kwa sikio lake zima na miguu ikamgoma. Nilimbeba mgongoni mpaka ng'ambo, wanajumuiya wenzake wakitazama. Aliniambia nisirudie tena. Yeye si mzigo.

Nikajenga tuta la pili, kabla ya kona, mimi na fundi mwashi mmoja. Kibali nilikuwa nimeshaomba. Lilifanya kazi. Jumamosi mbili mama alivuka peke yake, polepole, na malori yakashuka gia kama nilivyotarajia.

Kisha greda la watu wa barabara likaja kusawazisha njia baada ya mvua. Msimamizi alishuka akaniamkia.

"Mzee, una kibali cha tuta hili?"

"Nimeomba."

"Umejibiwa?"

"Bado."

"Basi siwezi kuliacha. Gari likipinduka hapa nitaulizwa mimi."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimesoma kanuni hiyo hiyo. Greda lilipita mara moja juu ya tuta langu, likaenda kulisawazisha na la dukani. Barabara ikawa laini kuliko nilivyowahi kuiona, na jioni ile ile malori yalipita yakiwa hayagusi chochote.

Jumamosi iliyofuata mama alijifunga kanga, akaenda mpaka getini, akasimama. Akarudi akakaa kibarazani. Ng'ambo walikuwa wameanza kuimba.

"Wanaimba wimbo gani?" aliuliza.

Nilimtajia. Aliimba ubeti mmoja, akaacha.

"Lile tuta lako lilikula shilingi ngapi?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo ngapi? Kama inafika bei ya mbuzi, bora ungeninunulia mbuzi. Ningepata wa kuongea naye."

Nilihamia upande wake wa kushoto, nikamwambia inafika: laki moja na elfu hamsini na moja.