Mkeka wa Mama Rehema na Gari la Maji la Newala

Watu wengi hapa Masasi wameniuliza, wengine kwa heshima na wengine kwa kunicheka, imekuwaje mtu kama mimi anaendesha gari lililoandikwa MAJI ubavuni kwa herufi kubwa za buluu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, anayetaka kujua asome.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne kule Nanganga, na wiki niliyotoka shuleni nilianza kubeba korosho za watu kwa baiskeli. Baiskeli ikazaa pikipiki, pikipiki ikazaa lori, na leo nina ghala langu na nyumba mbili Mkomaindo. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Na kwa upande wa magari ndiyo usiseme. Nikiwa ndani nakula, gari likipita nje, nitakutajia ugonjwa wake kabla halijafika kona.

Sababu ya kwenda Newala ilikuwa mke wangu, Mama Rehema. Watoto wetu watatu wote ni watumishi na wametawanyika: mmoja mwalimu Bukoba, mmoja yuko Sumbawanga, na Rehema mwenyewe ni muuguzi Kasulu. Rehema ana mapacha wa miaka mitatu. Bibi yao wanamjua kwa sauti tu, na wamempa jina, Bibi wa Simu. Miaka miwili iliyopita Mama Rehema aliumia mgongo, na tangu hapo hawezi kukaa kitako kwenye basi hata nusu saa. Daktari alisema kusafiri ruksa, ila asafiri amelala, na asitikiswe.

Basi nikatangaza kwamba nitanunua gari pana, imara, la kulala humohumo, tuizunguke nchi miezi mitatu, mtoto mmoja mmoja mpaka tuwamalize. Nilitangaza kabla ya msimu wa korosho uliopita. Nikaangalia magari manne, yote nikayakuta na kasoro. Niliposikia kuna la tano, Newala, Mama Rehema akasema, "Hili tunakwenda wote. Na likishindikana, Baba Rehema, usinitajie tena Kasulu. Nitazoea."

Hilo neno, nitazoea, ndilo lililonitoa nyumbani.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Mkomaindo kwa teksi ya kukodi, jua likianza kugusa milima ya mawe. Mama Rehema alijikunja kwenye kiti cha nyuma, magoti juu, na pembeni yake mkeka umeviringishwa na kufungwa kamba. Nilimwambia mkeka wa nini, tunakwenda kununua gari, hatuendi kwenye maulidi. Akasema, "Wewe umechukua nini?" Nikamwonyesha futi ya chuma, tochi na kitambaa cha kupimia oili. Akasema, "Basi kila mtu na kifaa chake."

Kabla ya kuanza kupanda, tulisimama mara tatu. Kila mara alishuka, akatandika mkeka pembeni ya barabara, akalala chali dakika kumi, macho juu. Mara ya pili watu wa pikipiki walisimama wakanipa pole, walidhani nimefiwa. Mimi na heshima zangu zote nilisimama pale nimeshika kiatu cha mke wangu, nawaambia hapana, tunapumzika tu.

Mlima wa Newala unaanza ghafla. Chini ni joto na vumbi, ukifika juu unakuta baridi na mchanga, na ukungu umekaa juu ya mikorosho mpaka saa tatu. Anayekaa uwandani kule juu ana kila kitu isipokuwa maji. Maji yako bondeni. Tangu zamani yalipandishwa kwa vichwa vya wanawake, kisha kwa baiskeli, kisha kwa magari, na bomba likitoa leo, kesho unalisikiliza.

Saa tatu kasoro tulifika kwa mwenye gari. Ni mtu mzima kunipita, wanamwita Baba Shaibu, alifanya kazi ya udereva miaka mingi na sasa magoti yamemkataa. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni. Nilisikia anakuja Mmakua tajiri, nikasema huyo atakuja kwa miguu kuokoa mafuta."

"Na mimi niliambiwa nakwenda kwa Mmakonde, nikanywa maji kabisa nyumbani."

Sisi ni watani, hapo ndipo tulipokaribishana. Mkewe, Mama Shaibu, alimchukua Mama Rehema barazani, akamwekea mto, wakaanza ya kwao.

Gari lenyewe lilikuwa mkonga. Msiojua, ni lile la juu, la chuma kitupu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na bomba la hewa limepanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo ili lisinywe maji likivuka mto. Jeupe, tairi mpya. Nililala chini yake na tochi. Nikanusa oili. Nikaliwasha, nikalizima, nikaliwasha. Hakuna kasoro. Nikamwambia Baba Shaibu anipe magunia ya korosho.

"Ya nini?"

"Napima nafasi. Mimi kila gari nimelipima kwa gunia, na gunia halijanidanganya."

Tukapakia tisa, yakaenea na nafasi ikabaki. Nikashuka nalo nusu ya mlima, nikageuza, nikapanda kwa kasi. Rejeta haikupata joto. Niliporudi uani nilipiga honi mara mbili. Moyoni nilishajiona naingia Kasulu, watu wanauliza nani huyo.

"Mama Rehema," nikaita, "hili ndilo."

Akaja taratibu, mkeka kwapani. Akalitazama lile gari kutoka chini mpaka juu, kwa sababu ngazi yake ilimfika karibu na goti. Akajaribu mguu wa kulia, akajaribu wa kushoto. Mimi na Baba Shaibu ikabidi tumnyanyue, mmoja huku na mmoja huku. Ndani, magunia yakiwa yameshatolewa, akafungua mkeka. Haukutandikika. Katikati ya nundu mbili za magurudumu sakafu ilikuwa nyembamba, kingo za mkeka zikapanda juu pande zote mbili, akawa kama amelala ndani ya mtumbwi.

Nikasema tutapiga mbao, tutaweka godoro. Akanitazama kutoka mlemle ndani.

"Baba Rehema, gunia ukilirusha halisemi. Mimi nitasema kuanzia Masasi mpaka Kasulu."

Mama Shaibu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Tulimshusha kama tulivyompandisha, na aliposimama sawasawa alianza kuviringisha mkeka wake, polepole, kama mtu anayefunga duka. Nilijua kinachofuata ni teksi, na baada ya hapo kuzoea.

Nyuma ya banda la kuku kulikuwa na gari jingine. Basi dogo, haya tunayoita vipanya, la paa refu, rangi imepauka, nyasi zimefika kwenye milango, ubavuni limeandikwa MAJI. Nililiona tangu tunaingia nikalipita kama mtu anavyopita mbuzi wa jirani. Mama Rehema alikuwa analitazama.

"Hilo ni la nini?"

"Hilo silo la mtu kama mumeo, mama," Baba Shaibu akasema. "Hilo lilinisomeshea watoto. Lilibeba maji."

Mama Rehema akauendea mlango wa pembeni, akauvuta. Sakafu ilikuwa chini, tambarare, viti hakuna hata kimoja. Aliinua mguu mmoja tu, wa kwanza, akawa ndani. Peke yake. Akatandika mkeka. Ukalala wote, na upande wa kulia ikabaki nafasi ya kuweka sanduku na jiko.

Nilianza kutafuta kasoro, na kasoro mimi najua kuzitafuta. Nikasema limechoka. Baba Shaibu akasema betri tu, akaleta ya mkonga, injini ikashika mara ya kwanza, na nilivyoisikia nikajua haina ugonjwa. Nikasema litatutikisa, haya yana springi za mawe.

"Keti nikwambie," akasema. "Wenzangu walibeba madumu hamsini, yamezibwa kwa majani na nailoni, wakafika juu na arobaini. Yaliyobaki yamemwagika njiani. Mimi nilibeba thelathini nikafika na thelathini. Niliweka springi ndefu, laini, na kila mwaka nilibadilisha shokapu kabla hazijaisha. Mama wa huku akikuta dumu lake limepungua, kesho hanunui kwako. Gari hili lilifundishwa kutomwaga."

Halafu akamwambia mkewe alete ndoo ya maji, imejaa, bila mfuniko. Akaiweka sakafuni karibu na mkeka. "Hivi ndivyo huku tunavyopima gari. Shuka nalo, upande nalo, tuone unarudi na kiasi gani."

Mama Rehema akashuka, nikaenda na Baba Shaibu. Miaka thelathini niko nyuma ya usukani. Nilishuka vizuri, nikapanda vizuri, kama ninavyopanda siku zote. Tuliporudi, ndoo ilikuwa nusu na sakafu yote imelowa.

"Umeona," nikasema. "Linatikisa."

Baba Shaibu akajaza ndoo upya. Alizunguka akaketi upande wa dereva, na magoti yake yale, akashuka na kupanda. Alichelewa mpaka nikadhani limezimika. Aliporudi, maji yalikuwa yamelamba ukingo tu.

"Gari halina kosa, mtani," akasema. "Unaendesha kama mwenye gunia nyuma."

Kama angeniambia haya mtu wa Masasi, tungeachana pale. Nilimwangalia Mama Rehema barazani, mkeka magotini, amegeuza uso upande wa bondeni panapotazama Msumbiji ng'ambo ya mto, kama yeye hayumo katika mazungumzo.

Nikasema, "Nifundishe."

Tulishuka na kupanda mara nne. Alinifundisha kuachia klachi kama mtu anayeweka yai mezani, kuliona shimo mapema na kulifikia gari likiwa limeshapoa mwendo, kutokanyaga breki katikati ya kona. Kila nilipokosea, ndoo ilinisema kabla yake. Nilitoka jasho Newala, mahali penye baridi. Mara ya nne niliteremka na ndoo haikupungua hata kikombe. Mama Shaibu akatuita tukale, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na hapo barazani tukamalizana bei ya gari la maji mimi na Baba Shaibu, tukashikana kwa mikono miwili.

Saa tisa alasiri tuliondoka. Teksi tulishaiachia iende zake. Mama Rehema alilala nyuma kwenye mkeka, na ndoo ya maji kando yake. Mwanzo nilimsikia akivuta pumzi kwa nguvu kila kona, anasubiri maumivu. Karibu na mwisho wa mteremko sikusikia tena kitu.

Nikiwa kwenye ule mteremko nilifikiri jambo ambalo sijawahi kulieleza, na naliandika kwa sababu bila hilo maelezo yangu hayakamiliki. Mgongo wa Mama Rehema ulivunjwa na gunia. Aliingia ghalani kunipa chakula, safu ya juu ikateleza. Vijana wote walikuwa wamekwenda kula, ile safu nilikuwa nimeipanga mimi mwenyewe, kwa haraka, nikijisifu kwamba mimi peke yangu napanga kuliko watu watatu. Tangu siku hiyo hakuwahi kunilaumu hata kwa jicho. Na mimi kwa miezi yote hiyo nilizunguka na futi yangu nikimtafutia gari kwa kipimo cha gunia.

Basi niliendesha. Pikipiki zilinipita, malori yalinipita, hata teksi yetu ya asubuhi ilikuwa imeshapata abiria wengine Newala nayo ikanipita, dereva akipunga mkono. Mimi nilikuwa sijawahi kupitwa kwenye barabara ile. Njia ya saa moja na nusu nilikwenda karibu saa tatu.

Jua linazama tulipoingia Mkomaindo. Jirani mmoja alikuwa amesimama nje, akaona maandishi akasema, "Baba Rehema, umeanza kuuza maji?"

Nikaweka kidole mdomoni, anyamaze. Nikazima injini. Nikageuka nyuma, nikamkuta Mama Rehema amelala usingizi mzito, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo. Kwa miaka miwili sikumwona akilala mchana. Nilikaa palepale kwenye usukani, sikufungua mlango, kwa sababu mlango ule una kelele.

Anayetaka gari la safari ndefu nitampa ninachokijua, na ninachokijua ni kikubwa kuliko zamani. Usilipime kwa unachoweza kupakia. Mwingize yule atakayesafiri, na anachokilalia, ukakae pembeni unyamaze. Injini iulize imefanya kazi gani, na iliifanya kwa ajili ya nani. Halafu weka ndoo nyuma, uone wewe mwenyewe ni dereva wa namna gani. Maandishi sikuyafuta na sitayafuta, ni cheti cha gari lile, na mimi sina cheti kingine.

Adhana ya magharibi ndiyo iliyomwamsha. Akatazama paa, akatazama ndoo, akaingiza vidole kwenye maji akajipangusa uso.

"Mbona umesimama?"

"Tumefika nyumbani."

Akausikiliza mgongo wake kidogo.

"Basi mpigie Rehema," akasema. "Mwambie awafundishe wale watoto jina langu."